Conques, Ufaransa: usipite tu, lala (uzoefu wangu)

Wadau habari, naandika hii kwa ajili ya wale mnaoishi huku Ulaya au mnaokuja kutembea, maana ndugu wakija wanaishia Paris kwenye foleni ya Mnara wa Eiffel basi, wakati vijijini huku kuna vitu vya kukutoa machozi. Conques nimeenda mara mbili na hizo mara mbili ni kama nilienda sehemu mbili tofauti kabisa.

Kijiji kipo Aveyron, kusini mwa Ufaransa, kutoka mji wa Rodez ni kama kilomita 40 za kona kona. Ni kidogo mno, nyumba zimejipanga kwenye ubavu wa mlima, huko chini kijito cha Ouche kinaingia mto Dourdou, na jina lenyewe linatokana na concha ya Kilatini, yaani kombe la baharini, maana bonde limejikunja hivyo hivyo. Mapaa yote ni ya mawe bapa ya kijivu yamepangwa kama magamba ya samaki, na kuta nyingi ni fremu za mbao halafu katikati wamejaza mawe na udongo. Mama yangu alivyoziona tu akasema mwanangu mbona huku kama kwetu Mlalo. Sisi ni watu wa Usambara, hizo nyumba na huo mteremko anavijua.

Mara ya kwanza nilienda na basi la utalii, kampuni siitaji, wakatupa saa moja na robo, nusu yake imeisha kwenye kupanda kutoka parking, nikapiga picha za kanisa, nikala aiskrimu, tukarudishwa kwenye basi. Pesa niliyolipa iliniuma mpaka leo, kwa sababu sikuelewa hata nilichokiona.

Mara ya pili mama alikuja kunitembelea, tukaendesha kutoka Toulouse, kama masaa mawili na nusu hivi, tukalala usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni humo humo vichochoroni. Jioni mabasi yakishaondoka kijiji kinanyamaza kabisa, unasikia maji ya bondeni. Baada ya sala ya usiku bruda mmoja anatoka nje anasimama mbele ya mlango wa kanisa, anaanza kueleza lile jiwe kubwa la nusu duara lililo juu ya mlango, limechongwa Hukumu ya Mwisho, karne ya 12 mwanzoni, watu 124 mle ndani na mabaki ya rangi bado yanaonekana. Anaongea Kifaransa, mimi namnong'oneza mama Kiswahili. Upande wa mbinguni watu wametulia, wamepangwa vizuri, yupo Mtakatifu Foy (nitamweleza hapo chini) amepiga magoti na mkono wa Mungu unamshukia, nyuma yake zimening'inia pingu za wafungwa aliowaombea wakafunguliwa. Upande wa pili ni vurugu tupu, bahili amenyongwa na mfuko wake wa pesa shingoni, mwindaji anabanikwa na sungura. Mama akauliza mara mbili kuhusu yule wa mfuko, akatikisa kichwa, akanyamaza muda mrefu. Na kwenye ukingo wa lile jiwe kuna vijitu vinachungulia tu kama watoto nyuma ya pazia, mara ya kwanza hata sikuviona! Halafu unaingia ndani kinanda kinapigwa, taa chache, nguzo zinapanda juu mpaka mita 22, jamani mwili ulinisisimka.

Huyo Foy (jina maana yake ni Imani) alikuwa binti mdogo aliyeuawa mji wa Agen kwa ajili ya dini zama za Warumi, na mifupa yake ililetwa Conques kwa WIZI, kwenye mwaka 866 hivi. Wanasimulia mmonaki wa hapa alihamia Agen akakaa miaka kama kumi mpaka wakamwamini wakampa ulinzi wa kaburi, ndipo akaichukua. Baada ya hapo mahujaji wa kwenda Santiago de Compostela kule Hispania wakaanza kupitia hapa, ndipo likajengwa kanisa kubwa hivi kwenye kijiji cha korongoni. Sanamu yake ya dhahabu ipo kwenye jumba la hazina, unalipia kiingilio, lipa tu. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa serikali ilikuwa inachukua mali za makanisa, na wanakijiji wenyewe ndio waliigawana hazina wakaificha majumbani kwao, kisha wakairudisha. Mimi hili ndo limenigusa kuliko yote, watu maskini wamekaa na dhahabu ndani na hakuna aliyeuza.

Asubuhi amka mapema uone madirisha ya kanisa. Ni 104, kazi ya mchoraji Pierre Soulages aliyezaliwa Rodez, yalizinduliwa 1994, hayana picha wala rangi, kioo cheupe chenye ukungu na mistari myeusi iliyopinda. Nilitegemea vioo vya rangi kama vya makanisa mengine, lakini kaa pale utaona mwanga unaanza wa bluu bluu kisha unageuka wa joto kadiri jua linavyopanda, nimekaa lisaa zima.

Upungufu upo. Mawe ya njiani yanateleza na miteremko ni mikali, mama magoti yalimsumbua, mzee mpeleke na viatu vyenye kushika na fimbo. Gari linabaki nje ya kijiji. Vyumba vichache, Julai na Agosti bila kubuku mapema hupati, sisi tulienda Septemba mwishoni ikawa nafuu, na kama unaweza lenga tarehe 6 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Foy.

Kabla ya kuondoka teremka mpaka daraja la zamani la mto Dourdou, nalo lipo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na kanisa tangu 1998. Tulikaa pale na mama tukiangalia mahujaji na mabegi yao wanavuka wanaanza kuupanda mlima wa ng'ambo, kwenye kikanisa kidogo kule juu mmoja akapiga kengele na tukaisikia vizuri kabisa huku chini.