Chombo cha kuchachushia bia nyumbani Nairobi: cha kununua kwanza mpaka cha kukimbia

Mtu akianza kupika bia nyumbani hudhani pesa zote zitaishia kwa sufuria, kumbe sufuria kubwa wengi wetu tunayo, ama tunajua shangazi wa kuazima. Kitu cha kununua kwanza ni chombo cha kuchachushia, kile bia itakaa ndani wiki mbili hivi ikifanya kazi yake gizani. Na hapo ndio watu wanachomwa, juu wananunua na macho, wanataka kitu kinang'aa kama zile tangi za video za Marekani. Mimi kabla sijauliza bei naangalia jambo moja tu: mkono wangu unaingia wote mpaka chini ama hauingii?

Sababu ni hii. Maji ya kimea yakishachemka na kupoa ni matamu, na kila kijidudu kilicho jikoni kinayataka, sasa chachu yako ndio lazima ifike kwanza na ikute pahali pasafi. Pahali mkono haufiki hapasuguliki, na pahali pamekwaruzika Jik haifiki vizuri. Bia ikigeuka siki usianze kulaumu chachu, ingiza tochi kwanza uangalie kuta za ndani.

Namba moja kwangu ni ndoo nyeupe ya plastiki ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana, ile ya kuwekea chakula. Mpya utapata maduka ya plastiki downtown, za mtumba zimepangwa kama minara ukishuka Kamukunji ama Gikomba, na bei ni ya kuongea. Shida ni kwamba muuzaji atakwambia "boss hiyo ni ya chakula" hata kama ukingoni bado kuna rangi ya nyumba imekauka. Usibishane naye, pima mwenyewe. Funga kifuniko, iache juani ukiongea mambo mengine, halafu ufungue kidogo na uweke pua hapo hapo. Plastiki ikipata joto inatoa siri zote. Ukisikia achari, mayonesi ama sabuni ya kufua, rudisha, hiyo harufu haitoki hata uiloweke na magadi wiki nzima. Iliyobeba mafuta ya kupikia inasameheka ukiiosha na maji moto na sabuni mpaka isiteleze, juu mafuta yakibaki yataua povu ya bia yako. Pitisha ukucha ndani ukutani pole pole, ukinasa mahali hiyo ndoo ilikuwa inasuguliwa na steel wool, achana nayo. Chini tafuta alama ya glasi na uma. Ile pembetatu yenye 2 ama 5 inakwambia tu ni plastiki aina gani, haikwambii ilibeba nini, na wauzaji wanapenda sana kukuonyesha hiyo pembetatu.

Ndoo ya lita 20 usipike lita 20. Pika 15 ama 16, juu povu ikipanda siku ya pili inahitaji nafasi, la sivyo utaipata kwa zulia. Kifuniko toboa shimo, weka raba ya hardware na paipu nyembamba inayoishia kwa chupa ya maji, gesi itoke hewa isirudi. Kuna watu watakuuzia ndoo yenye mfereji chini na inakaa ya kisasa kweli, lakini huo mfereji lazima uufungue vipande vyote kila ukipika, na mtu anayeanza hafungui. Nunua paipu ya kunyonyea, na usinyonye na mdomo, jaza maji safi kwanza ndio ishuke yenyewe.

Namba mbili, mtungi wa maji wa dispensa. Unaona kila kitu kikiendelea ndani, na kwa mtu anayeanza hiyo ni raha yake, chachu ikipanda na kushuka ni sinema. Lakini shingo ni nyembamba, mkono hauingii, utabaki kuloweka na kutingisha. Brashi ngumu inakwaruza. Maji ya kimea yakiwa moto usimwage humo, kuna mitungi inajikunja. Tena inapitisha mwanga, na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zikipigwa na jua zinatoa harufu mbaya, kwa hivyo funika na blanketi nzito. Ukichukua huu chukua mpya, ile ya mtaani hujui kama ilikuwa ya mafuta taa.

Namba tatu ni stainless. Kusema ukweli ndio bora kuliko zote, haikwaruziki ovyo, haishiki harufu, utaachia watoto. Nimeiweka tatu juu ya bei, ndoo ni mia kadhaa na hii ni maelfu, na wewe hata hujajua kama utapika mara ya pili. Fundi wa jua kali anaweza kukuchomelea, ila weka kidole ndani upitishe kwa mshono wote, kama umeparara hapo ndio uchafu utalala. Jik usiiache ikae ndani, inakula chuma. Na sufuria ya aluminiamu ni sawa kuchemshia tu, usiiachie bia wiki mbili.

Namba nne, chupa kubwa ya glasi. Ni safi na inapendeza. Sasa iweke lita 20, hizo ni kilo 20 bila glasi yenyewe, halafu mikono iko na sabuni na unakaa gorofa ya nne Pipeline. Hapana.

Ya mwisho kabisa ni mtungi wa manjano wa kuteka maji. Najua uko nao tayari na ni bure. Angalia ule mshikio: ndani ni mtupu kama paipu, bia inaingia humo na hakuna kitu duniani kitausugua. Madramu ya bluu hata sijayapanga, mengi yalikuja na kemikali.

Pesa iliyobaki usiongeze kwa chombo, nunua hidromita na kipimajoto. Hidromita ni kile kiglasi kinaelea kukuonyesha bia ni nzito kiasi gani kuliko maji, na chachu ikila sukari namba inashuka: bia ya kawaida inaanza karibu 1.050 na kushuka mpaka karibu 1.010, ikikaa hapo siku tatu bila kusonga imeisha. Ukiweka kwa chupa kabla ya hapo, chupa zinapasuka, na hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Chachu nunua ya bia, pakiti ya gramu 11.5 inatosha ndoo yote. Hamira ya mandazi itachachusha ndio, lakini utakunywa mkate. Chagua chachu ya ale, aina ya bia isiyotaka baridi kali, juu hali ya hewa ya Nairobi inaipenda bila friji, ila Februari zungushia ndoo taulo yenye maji. Tusker ni lager, inataka baridi ya friji kwa wiki nyingi, kwa hivyo usianze kwa kuiga Tusker, utalipia stima bure.

Sheria pia iangalie kabla hujatoka kwenda sokoni. Ile Alcoholic Drinks Control Act ya 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza na anayeuza, sasa ulizia wewe unaangukia wapi, na kuuza majirani hata usifikirie. Kimea kikichemka harufu inajaza plot nzima, keyteka atakuja kugonga akidhani ni busaa.

Chupa tafuta za kahawia za nusu lita zile nzito, na ukijaza weka sukari ya kuleta gesi, gramu 6 ama 7 kwa kila lita ya bia, si kwa kila chupa. Kama huna mashine ya kubana vizibo, chupa za soda za plastiki zinashika presha vizuri. Unaibonyeza na kidole baada ya wiki moja, ikiwa ngumu kabisa ipeleke kwa friji.