Fundi umeme wa Kisekka na sensa ya joto la nje

Gari lako lina AC ya otomatiki, kisha dashibodi ikuandikie kwamba Kampala mchana kuna nyuzi -40? Tafadhali usikimbilie kujaza gesi. Gereji ya kwanza ilinijazia, ikachukua shilingi 150,000, na AC ikaendelea kupuliza joto.

Fundi umeme niliyeelekezwa soko la Kisekka, soko la vipuri vya magari hapa Kampala, hakugusa gesi hata kidogo. Aliitazama ile -40, akainama mbele ya rejeta nyuma ya bampa, akachomoa kidude cha plastiki kisichozidi kidole gumba: ndiyo sensa, yaani kipimajoto cha hewa ya nje. Waya wake mmoja ulikuwa umekatika. Akanieleza bila haraka, na kwangu hilo lina thamani kuliko bei yake. Ndani ya sensa mna themista: baridi ikizidi, ukinzani wake (jinsi inavyouzuia umeme kupita) unapanda, joto likizidi, unashuka. Kompyuta inasoma umeme tu na kuugeuza kuwa nyuzi. Waya ukikatika, umeme haupiti kabisa, nayo inaamini nje kuna baridi ya kutisha, hivyo haiwashi kompresa, pampu inayosukuma gesi ya AC.

Sensa zake ni za mtumba, lakini haziuzi hivihivi. Kwa gari langu, kwenye nyuzi 25 mita inatakiwa isome ukinzani kati ya kiloomu 1.6 na 1.8. Kila moja aliipima, kisha akaichovya kwenye maji ya baridi kuona kama namba inapanda. Moja ilibaki palepale. Aliitupa mbele ya macho yangu. Wauza vipuri wangapi wangefanya hivyo?

Nililipa 60,000, kazi ikiwemo. Kasoro ninayoiona ni kwamba alitaka kuunga waya kwa tepu peke yake. Ilibidi nimwombe achomelee risasi, kwa sababu pale mbele maji ya mvua na tope hufika kila siku. Alikubali bila kununa.

Alinitahadharisha pia kuhusu foleni. Pale Kibuye, joto la injini na lami huipandisha namba kupita hali halisi. Ukishaishika barabara ya Masaka na upepo ukaingia kwenye grili, inashuka yenyewe. Ndivyo ilivyo, na kule Kabale kwenye milima ya baridi, alfajiri imenisomea 13.

Nendeni asubuhi. Kuanzia saa sita mchana hakuna pa kuegesha, na yeye huhudumia kwa zamu.