Canon 6D: C1 na C2 ndo sababu bado sijaiuza

Watu wananiuliza mbona bado nabeba 6D, kamera ya 2012, sehemu ya kadi moja tu, pointi za fokasi 11 na ya katikati pekee ndo unaweza kuiamini gizani, wakati wenzangu karibu wote wamehamia kwenye zile mpya zisizo na kioo ndani (mirrorless). Mi nawaambia angalia kile kigurudumu cha juu kushoto, kuna C1 na C2 pale, basi.

Kwa wasiozitumia (na ni wengi kweli, yani mtu ana kamera miaka na miaka hajawahi kuzigusa): ni nafasi mbili za kuhifadhi setingi zako, ukizungusha gurudumu hapo zinarudi zote kwa mkupuo. Unapanga kamera unavyotaka wewe, modi, ISO (kamera inavyohisi mwanga), kasi ya shata, fokasi, waiti balansi (kurekebisha rangi ya mwanga), mpaka zile custom function (mipangilio ya ziada ya kamera), ukimaliza unaingia menyu ya njano ukurasa wa nne, "Custom shooting mode", halafu "Register settings", unachagua C1 au C2, imeisha hiyo.

Sasa faida yake uione harusini. Bi harusi anashuka kwenye gari jua la saa tisa linawaka, dakika hiyohiyo anaingia ukumbini kwenye taa za njano na zambarau, MC keshapandisha sauti, vigelegele juu, na wewe una sekunde chache tu kabla hajafika meza kuu. C1 yangu ni ya nje, Av (mi nachagua uwazi wa lenzi, kamera inapanga kasi), uwazi f/4, ISO ya auto. C2 ni ya ukumbini, M (napanga mwenyewe kila kitu), f/2.8, kasi 1/125, ISO 1600, waiti balansi Kelvin 3800, flashi naielekeza dari. Nabonyeza kile kibatani cha katikati ya gurudumu, nazungusha klik moja maana zimekaa jirani, tayari, mi napiga, mwenzangu bado anahesabu ISO. Na hata kama mtu kaiazima kamera akavuruga kila kitu, ukizima na kuwasha C2 yako iko palepale ulivyoiacha.

Ila hapo pana sharti. Palepale kwenye "Custom shooting mode" kuna kitu kinaitwa "Auto update set.", hicho kiache kimezimwa. Ukikiwasha, kila unachobadilisha ukiwa C1 au C2 kinajihifadhi chenyewe, kwa hiyo mpaka jioni C2 yako haijulikani tena ni ya ukumbini au ya wapi, sioni faida yake kabisa.

Ubaya sasa. Ukishaizima hiyo auto update, kamera ikilala inarudi kwenye ulichohifadhi. Na hii kamera isipoguswa dakika moja inalala, kama hujabadilisha muda wake. Kwa hiyo umepandisha ISO mpaka 3200 kwa sababu wamezima taa wakate keki, mjomba akashika maiki na salamu zake zisizoisha, umeshusha kamera unasubiri, ukija kubonyeza tena uko 1600 na picha ina giza. Dawa ni kuongeza ule muda wa kulala, mi nimeweka dakika 8, betri inavumilia vizuri tu.

Kingine, huwezi kuzipa majina, na huwezi kuzihifadhi kwenye kadi ukazihamishia 6D nyingine, ukiwa na kamera mbili unapanga kwa mkono moja baada ya nyingine, inachosha. Halafu ni mbili tu, 5D Mark III inakupa tatu, na ile ya tatu naitamani sana kwa ajili ya video.

Wa Nikon msinicheke, D750 inazo U1 na U2, ndo C1 na C2 za kwao, na zinafanya kazi vizuri sana, lakini D850 pamoja na bei yake haina, inakupa benki (seti za setingi) A mpaka D ndani ya menyu, na benki zenyewe zinabadilika kila unapogusa kitu. Kwa kazi ya harusi mimi hiyo siitaki.

Kama unanunua 6D ya mkononi, kabla hujailaumu kwamba ina tabia za ajabu jua kwamba C1 na C2 zinaweza kuwa bado na setingi za mwenye nayo wa zamani. Na usijaribu kufuta setingi zote ukiwa umesimama kwenye C, haikubali, ingia kwenye "Custom shooting mode" halafu "Clear settings", ndo uanze kupanga za kwako.