Ekseli ya nyuma ya Hilux: kukarabati au kuhamishia ya Land Cruiser?

Kila msimu wa viazi, gereji za Mbeya hurudia ubishi huu: Hilux ya zamani inayolia difu (gia za katikati ya ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma) ikarabatiwe, au ihamishiwe ekseli nzima ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70?

Kwa gharama, ukarabati unashinda waziwazi. Unabadilisha beringi, sili, pengine na gia zenyewe. Springi na propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, hazibadilishwi.

Uimara ni habari nyingine, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Gia kubwa ya difu ya Hilux ina kipenyo cha inchi 8, ya Land Cruiser inchi 9.5. Tena Land Cruiser nyingi za mizigo huutwika uzito kwenye haosingi (ganda la nje la ekseli), shafti ya ndani ikabaki na kazi ya kuzungusha tu. Ikikatika kwenye mteremko wa Mlima Nyoka, tairi halichomoki nayo. Huo ni uhai wa watu.

Ila kazi ni kubwa: viti vya springi vichomelewe upya, propela ipimwe upya, na kama gari linavuta magurudumu yote 4, uwiano wa gia ulingane na difu ya mbele. Angalia na nati za magurudumu: ekseli nyingi za Land Cruiser hizo za baada ya 1999 zina 5, rimu zako za 6 hazitaingia.

Wa magunia machache mjini, akarabati. Anayeshuka milima ya Isyonje amejaza kila siku, ahamishe.