gRPC kwa komponenti zinazotumika kwenye bidhaa nyingi: uzoefu wangu

Mi naitumia gRPC (njia ya programu moja kuita huduma za programu nyingine kupitia mtandao) na Protobuf (muundo wa kufungasha data inayotumwa) kwenye familia ya bidhaa zinazochangia huduma zilezile, malipo, notifikesheni, akaunti za watumiaji, na kwa kazi hii kurudi kwenye JSON tupu (data iliyoandikwa kama maandishi) labda nilazimishwe. Protobuf Google waliiachia 2008, gRPC ikafuata 2015, kwa hiyo zana zake zimeshakomaa.

Watu wanaisifia spidi kwa vile inapita kwenye HTTP/2 (toleo la pili la itifaki ya wavuti), sawa, ila spidi sio iliyonishika, ni mkataba. Unaandika faili la .proto, linaloeleza ujumbe na fildi zake (vipande vya data), mara moja, kompaila inakutolea kodi ya Java, Go, Python, kila timu inachukua ya kwake na ule ugomvi wa huyu kaandika userId yule user_id unakufa.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye namba. Kinachosafiri ni namba ya fildi, jina halisafiri kabisa. Tuseme una string simu = 3; (fildi ya maandishi iitwayo simu, namba yake 3) na haitumiki tena, unaifuta unaandika reserved 3; basi, yeyote atakayejaribu kuipa hiyo 3 kitu kingine kompaila inamgomea palepale. Bidhaa ya zamani ambayo haijaapdetiwa ikikutana na fildi mpya isiyoijua inaipita tu inaendelea na kazi, na hilo ndo la kuangalia kwanza ukichagua teknolojia, maana bidhaa zikiwa nyingi huwezi kuziapdeti zote kwa mpigo, kila moja ina ratiba yake na bosi wake. Namba 1 mpaka 15 tagi yake (alama inayotangulia fildi kwenye ujumbe) inakula baiti moja tu, ziwekee fildi zinazotumika sana.

Kero zipo. Brauza haiongei gRPC moja kwa moja, inabidi uweke gRPC-Web (toleo lake la brauza) na proksi, yaani programu ya kutafsiri, kama Envoy katikati, kwa hiyo kama una bidhaa moja tu na wateja wote wako kwenye brauza usijitese, REST (API za kawaida za HTTP) na OpenAPI (faili la kuzieleza) inakutosha. Ujumbe ni wa bainari, huwezi kuusoma kwa macho, grpcurl (zana ya kuita gRPC kwenye terminal) inasaidia kiasi. Af kwenye proto3 (toleo la tatu la lugha ya Protobuf) fildi ya namba ambayo haikujazwa inasomeka 0, kama unataka kujua mtu kaweka sifuri au kaacha wazi andika optional mbele ya hiyo fildi.

Na deadlaini (muda wa mwisho wa kusubiri jibu) jamani! Usipoiweka mwenyewe klayenti inaweza kusubiri jibu mpaka basi. Usiwaachie timu za bidhaa kazi hiyo, iweke ndani ya maktaba ya pamoja, anayetaka tofauti aibadilishe kwenye konfigi yake.