Saa 14 Istanbul: nyota zangu zote nakipa kivuko cha Kadıköy

Ndege ya kwanza ilitua saa 11 alfajiri. Ya pili ilikuwa inaondoka saa 1 na nusu usiku. Nilikuwa natoka kumlea binti yangu uzazi, miezi miwili ya nepi na uji, goti la kulia limevimba, na mpwa wangu alikuwa ameniandikia karatasi yenye mambo saba ya kuona Istanbul. Saba! Kijana wa miaka 26 anadhani shangazi yake ni gari la doria.

Katika yale saba nilifanya mawili, na yote mawili nilifika kwa sababu ya jambo la nane ambalo hakuliandika: feri ya kawaida ya abiria, ile inayowavusha watu kwenda kazini, kutoka Eminönü upande wa Ulaya hadi Kadıköy upande wa Asia. Ndiyo ninayoisifu hapa.

Kwanza habari za kutoka uwanjani, niziseme haraka. Kukaa ndani kungoja ndege ya pili ni jambo moja, kutoka mlangoni ni jambo jingine: unapita uhamiaji kama mgeni yeyote, na kama pasipoti yako inadai viza, iwe umeshaipata kabla ya kusafiri. Mzigo mkubwa ulikuwa umeandikiwa mwisho wa safari, nikahakikisha kwenye kile kikaratasi cha begi. Mkoba wa mkononi, wenye nguo za mtoto zilizomkaa ndogo ambazo binti yangu hataki zitupwe, niliuweka sehemu ya kuhifadhi mizigo. Pameandikwa EMANET. Nilipoisoma nikacheka peke yangu. Amana! Nikamkabidhi yule bwana mkoba wangu kwa moyo mweupe.

Mchezo huo wa maneno ulinifuata siku nzima. Metro inakuja baada ya dakika ngapi? Nao wanasema dakika. Ratiba ya vivuko imeandikwa "sefer saatleri", na mtu wetu hahitaji mkalimani kujua kwamba hizo ni saa za safari. Waturuki walichota kwa Waarabu, sisi tukachota kwa Waarabu, tukakutana kituoni.

Uwanja uko mbali na mji, kaskazini kule karibu na Bahari Nyeusi. Metro ya M11, iliyofunguliwa Januari 2023, imerahisisha mambo: unapanda mpaka Gayrettepe, unahamia M2, unashuka kituo cha Haliç ambacho kimejengwa juu ya daraja, maji chini yako. Kutoka hapo nilitembea ufukweni polepole hadi Eminönü. Mwenye miguu mizima atatumia nusu ya muda wangu. Kitu cha kununua kabla ya chochote ni Istanbulkart, kadi moja inayofungua geti la metro, la tramu, la basi na la kivuko. Unainunua kwenye mashine na kuiongezea salio hapo hapo. Mashine ina lugha kadhaa, lakini mimi nilibonyeza kwa ujasiri nikaweka lira nyingi kuliko nilizokusudia. Hilo kosa ni langu.

Eminönü pana kelele. Kuna gati kadhaa zimepangana, na mbele yake wanaume wanaoita watalii kwa sauti: Bosphorus, Bosphorus! Hao wanauza matembezi ya boti kwenye Bosphorus, ule mlango wa bahari unaotenganisha Ulaya na Asia, saa nzima na zaidi, na bei yake haifanani hata kidogo na ya kivuko. Mmoja alinitembeza hatua kumi akiniita mama. Sina ugomvi na boti zao, ila mwenye ndege jioni anataka chombo kinachoondoka na kurudi kila baada ya muda mfupi, si kile kinachongoja kijae. Tafuta gati lenye jina KADIKÖY juu ya mlango, gusisha kadi, ingia.

Mlangoni kulikuwa na kijana wa kivuko. Aliponiona akasema, "Merhaba."

Jamani. Mimi na mvi zangu, nimezoea kusikia shikamoo kwanza ndipo nijibu marahaba. Huyu ameniitikia kabla sijafungua mdomo, kana kwamba mimi ndiye niliyemwamkia. Nikabaki nimeduwaa, halafu nikamwambia "marahaba" vilevile, kwa sauti ya shangazi, na yeye akatabasamu akidhani nimejifunza Kituruki.

Sasa sikiliza kuhusu kiti. Ukielekea Kadıköy, kaa upande wa kulia, nje, kwenye mabenchi marefu yaliyopangwa ubavuni mwa chombo. Kivuko kinatoka mdomoni mwa ghuba ya Haliç, kinazunguka rasi ya Sarayburnu, na mji wa kale wote unakupitia mbele kama maharusi wanaotolewa mmoja mmoja: kwanza miti na mapaa ya kasri la Topkapı, halafu kuba la Hagia Sophia, jengo la ibada lililosimama tangu mwaka 537, halafu Msikiti wa Buluu na minara yake sita. Mpwa wangu alikuwa ametaka nipange foleni mlangoni kwa vyote vitatu. Niliviona vyote vitatu nimeketi, goti limenyooka, chai mkononi.

Ndiyo, chai. Inauzwa ndani, kwenye kibilauri kidogo cha kioo chenye kiuno, kavu, nyeusi, na vipande vya sukari pembeni. Usiwaulize maziwa. Nilikuwa pia nimenunua simit gatini, ule mkate wa duara uliojaa ufuta, nikauinua kidogo niupige picha na bahari nyuma yake. Shakwe akaja kutoka nyuma ya sikio langu akaondoka na nusu nzima. Bibi wa Kituruki aliyekaa karibu alicheka mpaka akashika kifua, kisha akanikatia kipande cha wake. Shakwe hao hufuata kivuko njia nzima kwa sababu abiria huwarushia simit. Wamezoea, hawana aibu wala subira.

Upande wa kushoto nao una mambo yake: mnara wa Galata, na mbali kaskazini lile daraja la kwanza la Bosphorus la mwaka 1973, kisha Kız Kulesi, mnara mdogo uliosimama peke yake juu ya kisiwa cha mwamba. Huo niliuwekea wakati wa kurudi, kwa sababu watu huwa wanakosea wanakimbia huku na huku kwa simu na mwisho hawaoni chochote. Safari ni kama dakika 20 hivi. Mwishoni mwake linatokea jengo la stesheni ya Haydarpaşa, lililokamilika mwaka 1908 juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa chini majini. Ukilitazama kutoka baharini unaelewa kwa nini msafiri wa zamani, akivuka hapa kwenda kupanda treni ya Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, alijiona kweli ameingia bara jingine.

Watu wa mji huu wana mazoea marefu na vyombo hivi. Kampuni ya meli za mvuke iliyoanzishwa mwaka 1851 ili kuwavusha Bosphorus iliitwa Şirket-i Hayriye. Tamka polepole utasikia: shirika la heri. Siku hizi kuna treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari tangu 2013, na ina kasi kubwa mno kuliko kivuko. Nzuri kwa anayechelewa. Ila chini ya bahari utakachoona ni sura yako kwenye kioo, na sura baada ya ndege ya usiku hatuitaki.

Kadıköy sikwenda kuona jengo lolote. Nyuma ya gati kuna vichochoro vya soko: samaki wamepangwa wakiwa wamefunuliwa mashavu mekundu kuonyesha ni wa leo, zeituni za rangi ambazo sikujua zipo, achari za kila mboga. Nilikaa kibarazani saa nzima nikila na kutazama watu wakinunua vitunguu. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kwenye orodha ya mpwa wangu. Haki yake nampa.

Nilirudi kwa kivuko saa 7 kasoro. Ukishuka Eminönü msikiti uko mbele ya macho yako, unaitwa Yeni Cami, Msikiti Mpya, ingawa ulikamilika karne ya 17. Nikajifunga mtandio vizuri, nikaingia upande wa wanawake, nikasali Adhuhuri kwa kupunguza, msafiri nina ruhusa. Hilo ndilo la pili. Yale matano mengine niliyaangalia tena kwenye karatasi, nikaikunja.

Saa 8 na nusu nikaanza kurudi uwanjani. Wengine watasema mapema mno. Kuna kubadilisha treni, kuna kuchukua amana yako, kuna uhamiaji tena na ukaguzi, na uwanja wenyewe ni mkubwa kiasi kwamba kutoka ukaguzi hadi lango la ndege ni safari inayostahili kivuko chake. Saa 10 na kidogo nilikuwa ndani, nikavua viatu, nikalala kwenye kiti.

Kasoro? Juu ya sitaha upepo ni mkali hata jua likiwaka, chukua shali. Ngazi ya kwenda juu ni nyembamba na goti langu liliilaani kwenda na kurudi, basi wa miguu kama yangu abaki chini, mabenchi ya nje yapo huko pia. Na kama una saa chini ya saba kati ya ndege na ndege, kaa uwanjani unywe kahawa. Njia ya kwenda mjini na kurudi peke yake itakula zaidi ya nusu ya muda wako, na utavuka bahari ukitazama saa.

Mpwa wangu anapita Istanbul mwezi ujao, saa 9 za kungoja. Nimempa kadi yangu. Zile lira nilizoweka kwa makosa bado zimo, na zinatosha kumvusha kwenda na kurudi.