Shampeni ya lita 15 iitwayo Nebukadreza: inafaa harusi ya Arusha?

Kwa picha, ndiyo. Kwa kunywa, kamati ichukue chupa 20 za kawaida. Ujazo ni uleule, usumbufu kidogo.

Jina ni la mfalme wa Babeli aliyetawala 605 hadi 562 KK, yule aliyegonga jina lake kwenye matofali ya mji. Chupa kubwa za mvinyo zimepewa majina ya Agano la Kale: Methusela lita 6, Shalmanesa 9, Belshaza 12. Dukani taja lita, usitaje jina tu. Chupa iitwayo Yeroboamu, kwa mfano, ikiwa ya Champagne, eneo la Ufaransa linalotoa shampeni, ni lita 3, ya Bordeaux, eneo jingine la mvinyo huko, huwa 4.5 au 5.

Ikijaa ina kilo 38 hivi, na friji ya soda haiimezi. Tafuta pipa la plastiki, barafu na maji nusu kwa nusu, yafike shingoni. Barafu tupu huacha mianya ya hewa na chupa haipoi. Ile ya kawaida hupoa kwa nusu saa. Hii kama itafunguliwa jioni iingie majini asubuhi.

Kinachoharibu zaidi ni kuingia nayo ukumbini kwa kucheza. Ndani kuna mgandamizo wa karibu mara sita ya hewa ya nje, na ikishatikisika nusu ya glasi za kwanza ni povu la sakafuni. Ifike mezani mapema, itulie, MC aambiwe. Chupa ndogo huzungushwa huku kizibo kimeshikwa, hii haizungushiki. Mmoja aikumbatie, mwingine afunike kizibo kwa taulo, dole gumba lisitoke juu hata waya ukishalegezwa, kisha akizungushe taratibu.

Kwa hesabu unapata glasi 120 za mililita 125. (Waalikwa wengi wakiwa walokole, hizo ni nyingi mno.) Mimina theluthi, povu lishuke, ongeza. Kazi hii inataka kitegemeo cha chuma cha kuinamishia chupa. Duka lisilokodisha kitegemeo, usinunue kwake. Mikononi, mhudumu huchoka mapema, gesi inatoka, na meza za nyuma hupata iliyochuja.

Wala usiiweke kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa. Shampeni ya ukubwa huu mara nyingi huhamishwa kutoka chupa za kawaida, hewa huingia wakati huo, hivyo huchakaa haraka kuliko iliyochachukia kwenye chupa yake.